Chuma Kigumu, Atomi Ndogo: Jinsi Haidrojeni Inavyoingia Ndani ya Metali

Katika fikra za watu wengi chuma ni mfano wa kitu kisichopenyeka, na ndiyo maana hutengenezewa milango ya maghala, mitungi ya gesi na makabati ya fedha, kwa imani kwamba kilicho nje kitabaki nje na kilicho ndani kitabaki ndani. Imani hiyo haina kasoro kubwa kwa maji, kwa hewa na kwa gesi nyingi zinazojulikana, lakini haisimami mbele ya haidrojeni, ambayo huingia katika chuma, hutembea ndani yake, hujificha humo na mara nyingine hutokea upande wa pili. Kuingia huko kumewapa wahandisi betri za magari na vichujio vya gesi, na kumewavunjia pia madaraja na mitambo. Tofauti ya matokeo hayo mawili inategemea aina ya metali, mzigo inaobebeshwa na muda ambao haidrojeni imekaa ndani yake.

Msingi wa jambo hili ni udogo wa atomi ya haidrojeni, ambayo ina protoni moja na elektroni moja tu, na hakuna atomi iliyo nyepesi kuliko hiyo. Atomi za metali, kwa upande wao, hupangana kwa safu zinazojirudia, kama machungwa yaliyopangwa kwa ustadi juu ya meza ya muuza matunda, na mpangilio huo, unaoitwa kiunzi cha fuwele, hauwezi kujaza nafasi yote. Hata machungwa yakibanwa kwa namna iliyo bora kuliko zote, karibu asilimia 26 ya nafasi hubaki tupu, na katika mianya hiyo, ambamo chungwa jingine haliwezi kukaa, punje ya choroko hupata pa kujisitiri. Haidrojeni ndiyo punje hiyo: haiing'oi atomi ya metali mahali pake, bali hukaa kwenye mwanya, kisha hurukia mwanya wa jirani, na kwa miruko hiyo isiyokoma husafiri ndani ya chuma safi, katika joto la kawaida la chumbani, kwa kasi inayozidi ile ya kaboni kwa mabilioni ya mara.

Hata hivyo, haidrojeni ya kwenye mtungi haimo katika hali ya atomi mojamoja, bali atomi mbilimbili zilizoshikana kuwa molekuli, na molekuli hiyo haiwezi kupita kwenye mwanya wa kiunzi. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, hufanyika juu ya uso wa metali, ambako molekuli hutua na kutengana kuwa atomi mbili zinazozama ndani kila moja kwa njia yake. Kwa kuwa kila molekuli hutoa atomi mbili, kiasi kinachomumunyika ndani ya metali hakikui sawasawa na shinikizo la gesi, bali hukua kwa kipeuo cha pili cha shinikizo hilo, hivi kwamba shinikizo likiongezwa mara nne, haidrojeni iliyomo ndani huongezeka mara mbili. Kanuni hiyo hubeba jina la mkemia wa Kijerumani Adolf Sieverts, aliyeichunguza mwanzoni mwa karne ya 20.

Metali hazifanani katika kuipokea gesi hii. Paladi, titani, zirkoni, magnesi na lanthani huivuta na kutoa joto zinapoifyonza, na zikishiba huungana nayo kuwa haidridi, yaani kiwanja chenye metali na haidrojeni kwa kadiri maalumu. Chuma, nikeli na shaba huipokea kwa shingo upande, kwa maana kwamba lazima zipewe joto ndipo ziimumunye kwa wingi, na zikipoa huanza kuitema. Tabia hiyo ya chuma iliwasumbua wafuaji wa feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo ili kiwe kigumu: feleji ikiwa majimaji hufyonza haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa malighafi, na bonge kubwa linapopoa gesi hiyo hukosa njia ya kutoka, ikapasua ndani kwa ndani nyufa ndogo zisizoonekana kwa nje. Dawa iliyoenea tangu miaka ya 1950 ni kuipitisha feleji ya moto katika chumba kilichonyonywa hewa, ili haidrojeni itoke kabla chuma hakijaganda.

Sarafu zilizojaa gesi

Aliyelipima jambo hili kwa makini katika karne ya 19 alikuwa Thomas Graham, mkemia wa Uskoti ambaye tangu mwaka 1855 aliongoza kiwanda cha serikali ya Uingereza cha kutengeneza sarafu, jijini London. Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1869, Graham alionyesha kwamba paladi, metali nyeupe ya jamii ya platini, huweza kufyonza haidrojeni yenye ujazo wa takriban mara 900 ya ujazo wake yenyewe bila kuacha kuonekana na kung'aa kama metali. Kwa kuwa kitu kilichopatikana kilipitisha umeme na kufulika kama aloi nyingine, yaani kama mchanganyiko wa metali mbili au zaidi, Graham alishawishika kwamba haidrojeni iliyomo ndani ilikuwa nayo metali, akaipa jina la kimetali, na kwa ufundi wa kiwanda alichokiongoza akatengeneza nishani ndogo za aloi hiyo.

Dhana ya kwamba haidrojeni hiyo ni metali haikudumu, lakini vipimo vyake vimedumu. Leo inafahamika kwamba paladi iliyoshiba hubeba atomi sita au saba za haidrojeni kwa kila atomi kumi za metali, na kwamba kiunzi chake hutanuka kwa takriban asilimia 10 ya ujazo ili kuzipa nafasi. Kipande cha paladi kinachoshibishwa na kukamuliwa mara kwa mara hujikunja na kupasuka kwa sababu ya kuvimba na kunywea huko, na ndiyo maana wahandisi huchanganya paladi na fedha kwa kadiri ya karibu robo, ili kiunzi kitanuke taratibu bila kugawanyika. Utando mwembamba wa aloi hiyo, ukipashwa moto, huiruhusu haidrojeni peke yake kupita na kuzuia gesi nyingine zote, na viwanda vinavyohitaji haidrojeni safi kabisa, vikiwemo vya vifaa vya elektroniki, huutumia kama chujio.

Paladi ni ghali mno kutumiwa kama ghala la gesi, na mlango wa aina nyingine ulifunguliwa bila kukusudiwa, mwishoni mwa miaka ya 1960, katika maabara za kampuni ya Philips mjini Eindhoven, Uholanzi. Watafiti waliokuwa wakichunguza sumaku za samari na kobalti walibaini kwamba aloi hiyo hufyonza haidrojeni, wakajaribu aloi za jamaa yake, na miongoni mwazo ile ya lanthani moja kwa nikeli tano ikatia fora: kila atomi moja ya lanthani pamoja na tano zake za nikeli hupokea takriban atomi sita za haidrojeni katika joto la kawaida na kwa shinikizo dogo linalozidi kidogo tu lile la hewa, kisha huziachia shinikizo likipunguzwa. Ndani ya aloi hiyo haidrojeni hubanana kuliko inavyobanana ikiwa kimiminika kilichopozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri.

Kasoro yake ni uzito, kwa kuwa haidrojeni inayobebwa haizidi sana asilimia 1.4 ya uzani wa aloi. Gari linaloendeshwa kwa haidrojeni, kama Toyota Mirai, hubeba takriban kilo 5.6 za gesi hiyo katika mitungi yenye shinikizo la mara 700 la hewa. Kiasi hichohicho kikihifadhiwa katika aloi ya lanthani na nikeli kingehitaji aloi ya kilo 400, kabla ya kuhesabu chombo chenyewe. Magnesi ni nyepesi na hubeba hadi asilimia 7.6 ya uzani, lakini huing'ang'ania haidrojeni kiasi kwamba haiiachii ila kwa joto la karibu nyuzi 300. Mahali ambapo uzito si hoja, ghala la aloi limekubalika: nyambizi za Ujerumani za aina ya 212A, ambazo kwa vyovyote zinahitaji uzito ili zizame, huhifadhi haidrojeni yake katika mitungi iliyojazwa haidridi za metali.

Matumizi yaliyoenea zaidi, hata hivyo, yamejificha ndani ya betri. Betri ya nikeli na haidridi ya metali, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980, ina bamba la aloi ya jamii ya lanthani na nikeli ambalo hufyonza atomi za haidrojeni wakati wa kuchajiwa na kuziachia wakati wa kutoa umeme, bila gesi yenyewe kuhitaji kuhifadhiwa kwenye mtungi. Ndiyo betri iliyotumika katika Toyota Prius tangu ilipoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997, na bado imo katika magari mengi ya mseto, yanayotumia petroli pamoja na umeme, ambayo hushushwa yakiwa yametumika katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Lanthani yenyewe ni mojawapo ya madini adimu ya ardhini, kundi ambalo limo katika mwamba wa Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, na katika kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale, Kenya.

Waya uliotoa povu

Upande wa pili wa tabia hii ulielezwa mwaka 1875 na William H. Johnson, Mwingereza wa biashara ya nyaya za chuma mjini Manchester, katika taarifa aliyoiwasilisha kwa Jumuiya ya Kifalme ya London. Nyaya za chuma huoshwa kwa asidi ili kuondoa kutu na magamba kabla ya kupakwa zinki, na Johnson aliona kwamba waya uliotoka kwenye asidi, ambao kabla ya hapo ungeweza kukunjwa mara kadhaa bila kuumia, sasa ulikatika mara moja. Mahali ulipokatika palipotiwa mate au maji, viputo vidogo vilichomoza kutoka ndani ya chuma, kama povu, na waya huohuo ukiachwa kwa siku kadhaa, au ukipashwa moto kidogo, viputo vilikoma na unyumbufu wake wa zamani ukarudi. Kwa kulinganisha asidi mbalimbali alithibitisha kwamba zile zisizotoa haidrojeni zinapokutana na chuma hazikuleta dhara hilo, na hivyo mhalifu hakuwa asidi bali gesi iliyozalishwa nayo.

Tangu hapo wanasayansi wameeleza njia kadhaa zinazotumiwa na haidrojeni kudhoofisha metali, na njia hizo mara nyingi hushirikiana. Penye tundu au ufa mdogo ndani ya chuma, atomi hukutana na kuungana tena kuwa molekuli ambazo haziwezi kurudi zilikotoka, shinikizo likapanda hadi chuma kikavimba kama ngozi yenye lengelenge. Jambo hili huonekana sana katika mabomba yanayopitisha gesi yenye haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, kwa sababu salfa huzuia atomi zisiungane juu ya uso wa bomba na hivyo kuzilazimisha kuingia ndani. Penye ncha ya ufa, ambapo kiunzi kimevutwa kikaachia mianya mipana, atomi hujikusanya kwa wingi na kulegeza mshiko kati ya atomi za chuma zenyewe, au hurahisisha kuteleza kwa safu zake mahali pamoja tu, hivi kwamba ufa husonga mbele kidogo, hungoja haidrojeni nyingine ifike, kisha husonga tena.

Kungoja huko ndiko kunakoifanya hatari hii iwe ya hila, kwa maana metali inaweza kufaulu majaribio yote ya kiwandani, ikafungwa mahali pake, ikabeba mzigo wake kwa saa au siku kadhaa, kisha ikakatika ghafla bila mzigo kuongezeka. Kiasi cha gesi kinachohitajika ni kidogo ajabu: katika feleji ngumu sana, haidrojeni isiyozidi sehemu moja katika milioni kwa uzani inatosha kuleta nyufa. Chuma laini, ambacho hunyumbuka na kutawanya mkazo, hustahimili kiasi hicho bila shida, na ndiyo sababu mabati ya kuezekea, ingawa nayo huoshwa kwa asidi kabla ya kupakwa zinki, hayakatiki juu ya mapaa. Kadiri feleji inavyoongezewa nguvu ndivyo inavyozidi kuiogopa haidrojeni, na anayenunua nguvu zaidi hununua pamoja nayo udhaifu ambao haukuwemo katika chuma hafifu.

Bosch na mashimo ya makusudi

Joto kali huongeza sura nyingine. Carl Bosch, mhandisi wa kampuni ya BASF aliyepewa kazi ya kugeuza ugunduzi wa Fritz Haber wa kutengeneza amonia uwe kiwanda, alihitaji vyombo vya kustahimili haidrojeni na naitrojeni kwa shinikizo la takriban mara 200 la hewa na joto la nyuzi 500 na zaidi. Mirija yake ya feleji ilipasuka baada ya saa 80 hivi, na vipande vyake vilipokaguliwa kwa darubini ilionekana kwamba chuma kilikuwa kimepoteza kaboni yake: haidrojeni ilikuwa imeingia ndani, ikaungana na kaboni kuwa gesi ya methani, na methani hiyo, iliyo kubwa mno kutoroka kwenye mianya, ikapasua chuma kutoka ndani.

Suluhisho alilolifikia mwaka 1911 linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa halikujaribu kuizuia haidrojeni bali liliikubali. Bosch aliweka ndani ya mrija bitana ya chuma laini kisicho na kaboni, ambacho hakina cha kuliwa, kisha akaizungushia ganda nene la feleji la kubeba shinikizo, na ganda hilo akalitoboa kwa makusudi mashimo madogo mengi. Haidrojeni kidogo iliyopenya bitana ilikuta mashimo na kutokea nje bila kupata nafasi ya kukusanyika na kuishambulia feleji. Kwa mpango huo kiwanda cha Oppau kilianza kazi Septemba 1913, na mbolea za naitrojeni zinazotiwa mashambani leo, ikiwemo urea, bado hutokana na amonia iliyotengenezwa kwa njia iliyoanzia hapo.

Bolti 32 za San Francisco

Karne moja baadaye somo hilo lilirudi kwa gharama kubwa. Sehemu mpya ya mashariki ya daraja linalounganisha San Francisco na Oakland, katika jimbo la California, ilijengwa ili kuchukua nafasi ya ile iliyoharibiwa na tetemeko la ardhi la Oktoba 1989, na kwenye mojawapo ya nguzo zake zilichomekwa bolti ndefu 96 za feleji, zenye kipenyo cha takriban sentimita 7.6, za kukaza vifaa vya kuzuia daraja lisiyumbe wakati wa tetemeko. Bolti hizo zilitengenezwa mwaka 2008 kwa feleji yenye nguvu nyingi, zikapakwa zinki kwa kuchovywa, kisha zikakaa kwa miaka kadhaa ndani ya mashimo ambayo maji yalituama. Mwanzoni mwa Machi 2013 zilikazwa hadi asilimia 70 ya nguvu zake, na kabla ya mwezi huo kwisha 32 kati yake zilikuwa zimekatika, theluthi nzima, mojamoja, bila gari lolote la umma kupita juu ya daraja.

Uchunguzi ulikuta kwamba sababu ni haidrojeni, na kwamba masharti yake matatu yalikutana mahali pamoja: feleji ngumu kupita kiasi, mvuto mkubwa na wa kudumu, na chanzo cha gesi. Zinki, inayopakwa ili iliwe badala ya chuma, inapoliwa na maji huweza kuzalisha haidrojeni juu ya uso wa feleji iliyo jirani yake, hivyo kilichowekwa kuwa kinga kikageuka njia ya adui. Kikulacho, kama wahenga walivyonena, ki nguoni mwako. Kwa kuwa nyingi za bolti hizo hazikuweza kuchomolewa, wahandisi walibuni tandiko la nyaya za feleji na zege la kufanya kazi yake, na daraja likafunguliwa Septemba 2013.

Vijiti vikavu na bolti zilizookwa

Tahadhari dhidi ya hatari hii hazihitaji mitambo ya ajabu, na nyingi zinahusu karakana za kawaida. Katika kuchomelea, unyevu uliomo kwenye unga unaofunika kijiti hupasuliwa na joto la cheche kuwa haidrojeni, ambayo huzama katika chuma kilichoyeyuka na kunaswa humo kinapoganda. Kwa kazi za geti na madirisha, ambazo hutumia chuma laini, jambo hilo halina madhara makubwa; lakini kwa feleji nene na ngumu za mabomba, matangi na mihimili, ufa unaweza kutokea chini ya mshono saa nyingi baada ya kazi kukamilika, na ndiyo maana wakaguzi wa kazi nyeti husubiri hata saa 48 kabla ya kupima. Vijiti vya namba 7018 vilibuniwa kwa kazi hizo, vikiwa na unga usioleta haidrojeni nyingi, ila faida yao hupotea pakiti ikifunguliwa na kuachwa wazi katika hewa yenye unyevu ya miji ya pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja. Lazima vitunzwe katika oveni yenye joto linalozidi nyuzi 100, na chuma chenyewe kipashwe moto kabla ya kuchomelewa ili haidrojeni ipate muda wa kutoka.

Suala hili litazidi uzito kadiri haidrojeni inavyotafutwa kama nishati. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotokana na maji kwa umeme usiochafua hewa, Septemba 2023, na mipango ya namna hiyo hutegemea matangi, pampu, vali na mabomba ambayo yote ni ya metali. Bomba lililochaguliwa kwa ajili ya gesi asilia halifai kwa haidrojeni kwa sababu tu halivuji. Kinachopasa kuulizwa ni ugumu wa feleji yake, hali ya mishono yake na mara ngapi shinikizo hupanda na kushuka ndani yake.

Kwa msomaji asiye mhandisi, somo lote limo katika kichwa cha bolti. Namba 8.8 iliyopigwa chapa juu yake ni ya feleji ya nguvu ya kadiri, ambayo kwa kawaida haisumbuliwi na upakaji wa zinki kwa umeme, ilhali namba 12.9 ni ya feleji ngumu sana, na ikipakwa zinki kwa njia hiyo inapasa kuokwa kwa saa kadhaa katika joto la takriban nyuzi 200 mara baada ya kupakwa, ili gesi itoke. Bolti ya 12.9 inayong'aa kwa zinki, ambayo muuzaji hawezi kueleza kama imeokwa au la, isifungwe mahali ambapo maisha ya mtu yanaitegemea.